Kumuuliza Waziri Bungeni: Huduma Hii Inamfaa Vipi Mtu wa Lamu na Malindi?

Huduma tunayoipima hapa haina duka wala kaunta. Ni ile ya mbunge au seneta, hasa wa upande wa wachache (upinzani), kusimama Nairobi na kumtaka waziri ajibu: dawa ziko wapi, kesi imekwama wapi, pesa zimelipwa lini. Mwananchi halipi hata senti moja. Akiitumia vizuri hupata kitu ambacho barua kumi kwa wizara hazimpi, yaani jibu lililotamkwa mbele ya watu, lenye jina na tarehe, likaandikwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Akiitumia vibaya hupata aya tatu za "serikali inalishughulikia". Alama tunazoipa ni tatu kati ya tano. Mbili zimepotea mahali pamoja: jibu likishatolewa, hakuna anayelifuatilia isipokuwa aliyeuliza.

Mpangilio wa sasa bado ni mchanga. Chini ya katiba ya zamani mawaziri walikuwa wabunge, wakikaa mle mle ndani na kuulizwa wiki hadi wiki. Katiba ya 2010 ikawatoa, na tangu 2013 waziri akawa anaonekana kwenye kamati tu, kwa nguvu ya Ibara ya 153 inayomtaka afike mbele ya kamati ya Bunge la Kitaifa au ya Seneti anapoitwa. Mwaka 2023 Bunge la Kitaifa na Seneti zilibadilisha Kanuni za Kudumu, mawaziri wakarudi kuulizwa mbele ya kikao kizima, na Jumatano ikazoeleka kuwa siku yao. Mabadiliko hayo yamesaidia. Kikao cha kamati aghalabu hupita bila mtu wa Faza kujua kilikuwepo. Kikao kizima hurushwa hewani, na anayetaka kusikia husikia.

Kwa nini upande wa wachache? Kwa sababu mbunge wa upande wa serikali akijibiwa ovyo ana mengi ya kupoteza akisimama mara ya pili. Malindi ina bahati yake hapa: Stewart Madzayo, seneta wa Kilifi, alipewa kiti cha Kiongozi wa Wachache katika Seneti baada ya uchaguzi wa 2022, na kabla ya siasa alikuwa jaji. Lakini rangi ya chama haitoshi tena kumpima muulizaji. Agosti 2024 watu wa ODM, chama cha upinzani, waliingia katika baraza la mawaziri, John Mbadi akapewa Hazina na Hassan Joho akapewa Madini na Uchumi wa Bahari. Tarehe 7 Machi 2025 ODM na UDA, chama cha Rais, zikatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja. Mbadi mwenyewe aliwahi kuwa Kiongozi wa Wachache katika Bunge la Kitaifa. Leo seneta anaweza kuitwa wa upinzani huku waziri anayemuuliza akiwa mwenzake wa chama. Kwa hiyo kabla ya kumpelekea mtu swali lako, fungua Hansadi, tafuta jina lake, usome maswali yake ya nyongeza. Anayeishia "asante Bwana Spika" baada ya jibu la kwanza, mwache. Wala hulazimiki kumtegemea mwakilishi wa kwenu peke yake, maana seneta wa kaunti nyingine anaweza kuuliza kuhusu Lamu.

Tuanze na afya, kwa maana ndiko maswali mengi hufia.

Swali linalofia mlangoni husikika hivi: "Je, Waziri ana habari kwamba hospitali za Lamu hazina dawa, na anachukua hatua gani?" Jibu lake linajulikana kabla halijaandikwa. Waziri atafungua Jedwali la Nne la Katiba na kusema kwamba hospitali za kaunti, maduka ya dawa ya kaunti, magari ya wagonjwa na afya ya msingi ni kazi ya serikali ya kaunti; yeye amebakiziwa sera na hospitali kuu za rufaa za kitaifa. Atakuwa amesema kweli, na swali litakuwa limeisha. Hospitali ya King Fahd pale Lamu, ya Mpeketoni, ya Faza, ya Malindi, zote ziko chini ya kaunti. Mpira umerushwa kwa gavana, na dawa bado hakuna.

Njia ni kushika kile ambacho waziri hawezi kukikana kuwa chake. Kuna vitu vitatu vyenye uzito kwetu. Cha kwanza ni SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima, na kuanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Cha pili ni KEMSA, shirika la kitaifa linalouzia kaunti dawa na vifaa. Cha tatu ni haki ya matibabu ya dharura katika Ibara ya 43(2), inayosema mtu asinyimwe.

Kwenye SHA ndiko pesa ziliko, na swali lataka kukatwa vipande kwa sababu mifuko ni mitatu. Mfuko wa Afya ya Msingi hulipia zahanati na vituo vya afya. Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii hulipia huduma za hospitali. Wa tatu ni wa dharura, magonjwa sugu na magonjwa mahututi. Muulizaji akisema "pesa za SHA" bila kutaja mfuko, wizara itachagua ule wenye takwimu nzuri na kuusoma huo. Pia atenganishe kuandikishwa na kulipa. Mawaziri hupenda kutaja walioandikishwa, kwa kuwa namba hiyo ni kubwa na haishuki. Inayomhusu mgonjwa kitandani ni ya waliolipa na bima yao iko hai leo. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, basi. Asiye na ajira rasmi hupimwa kipato cha nyumba yake, hawekewi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na mpango ulipoanza alitakiwa alipe za mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600 kwa uchache. Mvuvi wa Shela anayeshika pesa kaskazi na kukaa mikono mitupu kusi inapochafua bahari ataandikishwa, lakini ataingia wodini bima yake imelala. Swali lisipoitenga namba hiyo, mvuvi huyo atahesabiwa kuwa amehudumiwa.

Swali lililokaa sawa lingekuwa hivi:

"Waziri wa Afya aeleze: (a) madai mangapi, na ya shilingi ngapi, yaliwasilishwa kwa SHA na kila hospitali ya umma ya Kaunti ya Lamu tangu tarehe 1 Oktoba 2024, yakigawanywa kwa mfuko, (b) kati ya hayo mangapi yamelipwa, kwa akaunti gani na tarehe gani, mangapi yamekataliwa na kwa sababu gani, (c) wakazi wangapi wa kaunti hiyo wameandikishwa, na wangapi kati yao wamelipa na wanaweza kutibiwa leo, (d) deni lililosalia litalipwa lini."

Angalia kile kipande cha "kwa akaunti gani". Sheria ya 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya inataka pesa ambazo hospitali imezichuma zibaki zikitumiwa na hospitali. SHA ikisema imelipa na daktari akisema hajaona, huenda hakuna kati yao aliyekosea: pesa zimekwama njiani. Bila jina la akaunti na tarehe, kila mmoja atamnyooshea mwenziwe kidole. Ukipata hivyo viwili, nusu ya pili ya swali unaipeleka kwa mwakilishi wa wadi amuulize waziri wa afya wa kaunti katika bunge la kaunti. Na seneta anayo njia nyingine, kwa kuwa Ibara ya 96 inaipa Seneti kazi ya kusimamia fedha za kitaifa zinazogawiwa kaunti. Gavana hahojiwi Jumatano pamoja na mawaziri. Huitwa mbele ya kamati ya hesabu.

Dharura visiwani ni swali ambalo halijatumika inavyostahili. Mzazi aliyeshikwa na uchungu Kizingitini au Kiwayu hasafiri kwa gari. Huvushwa kwa boti, petroli ikanunuliwa, maji yakangojewa. Mlango wa Mkanda maji yakitoka si kila chombo kinapita. Akifika Lamu na ikaonekana anahitaji hospitali kubwa zaidi, anavushwa tena hadi Mokowe, ndipo gari lianze safari ya zaidi ya kilomita 200 kwenda Malindi. Sasa viwango vya malipo ya kumsafirisha mgonjwa wa dharura huwekwa na serikali ya kitaifa, si na kaunti. Swali likiuliza "boti ya wagonjwa iko wapi?", jibu ni kwamba hiyo ni kazi ya kaunti. Likiuliza "viwango vya malipo ya dharura vinahesabuje safari ya baharini, na boti ngapi za Kaunti ya Lamu zimelipwa kupitia mfuko wa dharura?", waziri hana kaunti ya kujificha nyuma yake. Jambo ni lile lile, ila kushoto amefungiwa na kulia amefungiwa.

Haki ni ngumu zaidi, kwa sababu mwenye mlango hajulikani. Kenya haina waziri wa haki anayeweza kuulizwa kila kitu. Mahakama ni huru. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa Ibara ya 157(10), haelekezwi na mtu. Polisi nao wana kinga: Ibara ya 245 inamruhusu waziri kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya sera kwa maandishi, lakini inamkataza kumwelekeza kuhusu uchunguzi wa kosa fulani au kumkamata mtu fulani. Kwa hiyo "kwa nini fulani hajashtakiwa?" ni swali bovu hata kama lina uchungu wa kweli ndani yake. Waziri wa Usalama wa Ndani atasema hana mamlaka, na hapo tena atakuwa amesema kweli.

Anachoweza kuulizwa ni nyenzo na utaratibu. Kituo cha polisi kina magari na boti ngapi zinazofanya kazi. Ripoti ngapi za watu waliopotea zimeandikwa kwenye OB (vitabu vya matukio vya vituo vya polisi) za kaunti katika muda uliotajwa, na ngapi zimefungwa. Mpelelezi hungoja majibu ya maabara muda gani. Mwanasheria Mkuu aulizwe katika kamati kuhusu msaada wa kisheria, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iko chini ya ofisi yake: mawakili wangapi wanafika Lamu, mara ngapi kwa mwaka, wamebeba kesi ngapi. Maswali ya namna hii yanaonekana madogo. Lakini hujibiwa kwa namba, na namba ikishasomwa hairudi.

Fomu ya P3, inayoandikwa majeraha ya aliyeumizwa, ni mfano mzuri wa mahali afya na haki zinapokutana na maswali mengi yanapopotea katikati. Fomu ni ya polisi. Anayeijaza ni daktari au afisa wa kliniki, ambaye ni mtumishi wa kaunti. Anayeisoma ni hakimu. Mtu aliyepigwa au kunajisiwa akitozwa pesa ili fomu ijazwe, au kesi ikaahirishwa kwa kuwa daktari aliyeijaza amehamishwa na hakupewa nauli ya kuja kutoa ushahidi, kila ofisi itasema si yake. Swali la P3 liandikwe kwa sehemu mbili na kwa mawaziri wawili, wa Usalama wa Ndani na wa Afya, tena liulizwe wiki moja. Wakiulizwa mbalimbali, wa kwanza atamtaja wa pili, na wa pili hataitwa hadi Bunge lirudi kutoka likizo. (Kwa aliyenajisiwa, kabla ya swali lolote la bungeni: hospitali kwanza, kwa maana dawa ya kuzuia maambukizi ya HIV yataka kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu.)

Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kufunga bila kula, ilionyesha huduma hii katika ubora wake na udhaifu wake. Miili ilipoanza kufukuliwa Aprili 2023 katika msitu ule wa Kaunti ndogo ya Malindi, hesabu ikaja kupita 400. Makafani ya hospitali ya Malindi hayakujengwa kwa mzigo huo, ikabidi yaletwe makontena ya baridi. Kupima DNA kukachukua miezi. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili ya watu wao Machi 2024. Hesabu milango iliyohusika: makafani ni ya kaunti, polisi ni wa wizara ya usalama, vipimo ni vya maabara ya serikali, mashtaka ni ya ofisi huru. Hapo swali la dakika chache haliwezi kubeba kitu. Kilichofanya kazi ni kamati maalumu. Seneti iliunda moja chini ya Danson Mungatana, seneta wa Tana River, ikapata nafasi ya kuwaita wote na kuwasikiliza mmoja mmoja. Kwa hiyo jambo likiwa na wenyewe zaidi ya wawili, usimwombe mwanasiasa wako aulize swali. Mwombe apeleke hoja ya kuundwa kamati, au lipeleke kwa kamati ya kudumu inayohusika.

Kuna ngao moja ambayo mawaziri huiinua upesi kuliko zote: "jambo hili liko mahakamani." Wabunge wengi hukaa chini wakiisikia. Hawapaswi. Kanuni za Kudumu hazisemi kwamba kila lililotajwa mahakamani limefungwa. Zinataka mambo mawili yawepo pamoja: kesi iwe hai, na mjadala uwe na uwezekano wa kuharibu uamuzi wa haki. Kesi ya jinai huwa hai tangu shtaka lifunguliwe au hati ya kuitwa itolewe. Ya madai, tangu mipango ya kusikilizwa ifanywe. Na anayedai ngao hiyo ndiye mwenye mzigo wa kuleta ushahidi. Kwa hiyo muulizaji awe na jibu mkononi: "Bwana Spika, Waziri atoe namba ya kesi, mahakama, na tarehe ya kusikilizwa." Mara nyingine namba haipo. Ikiwepo, swali likatwe upya liepuke hatia na kushika utekelezaji.

Hukumu iliyokwisha kutolewa, na isiyo na rufaa iliyo hai, haina ngao hiyo, na watu wa Lamu wanayo moja kubwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi ya bandari ya Lamu, sehemu ya mradi wa uchukuzi wa LAPSSET, na kuwapa wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 fidia ya karibu shilingi bilioni 1.76. Ikaja rufaa, yakaja maelewano, sehemu taslimu na sehemu vifaa, na malipo yakasuasua miaka. Pesa za hukumu zikikawia, swali ni la kiserikali kabisa: nani amelipwa, kiasi gani, tarehe gani, wangapi wamekufa wakingoja na warithi wao wanalipwa kwa utaratibu upi. Haya si maoni juu ya hukumu. Ni hesabu ya deni, na serikali yaweza kuulizwa kuhusu deni wakati wowote.

Sasa kazi ya mikono. Usimpelekee mwanasiasa malalamiko, mpelekee faili. Anza na Sheria ya Kupata Habari ya 2016: andika kwa Kiswahili au Kiingereza kwa ofisi inayoshika taarifa, wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kujiongezea zisizozidi 14. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ombi lenyewe ni bure. Utalipia nakala tu. Wakijibu, umepata namba za kumbana waziri. Wasipojibu, ukimya wao umekuwa ushahidi, na unaweza pia kuupeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kuruka hatua hii ndilo kosa kubwa la wanaoitumia huduma hii kutoka mbali. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na seneta asiye na karatasi mkononi yuko mbali hata akiwa mita tatu kutoka kwa waziri.

Faili lisizidi kurasa nne: ukurasa wa swali, ukurasa wa ukweli wenye tarehe, nakala ya barua uliyoandika, na ukurasa wa maswali ya nyongeza. Swali huenda kwa Karani kwa maandishi, kisha Spika hulipitisha. Hurudishwa likiwa na hoja ndani yake badala ya kuuliza, likimtuhumu mtu kwa jina bila haja, likitaka maoni ya waziri, au likirudia lililojibiwa katika kipindi hicho hicho. Maneno kama "uzembe" na "ufisadi" yatoe. Si kwa woga, ila yanampa karani sababu ya kulirudisha, na wiki mbili zimekwenda.

Ukurasa wa nyongeza ndio unaoshinda siku. Jibu la kwanza huandikwa na maafisa wa wizara, na waziri hulisoma tu. La pili analijibu mwenyewe. Mwandalie muulizaji maswali matatu mafupi yanayoanza na neno la waziri mwenyewe: amesema "imelipwa", aulizwe tarehe, amesema "hivi karibuni", aulizwe mwezi, amesema "sehemu", aulizwe kiasi. Swali la nyongeza likiwa refu, waziri hujibu mkia wake na kuacha kichwa. Na muulizaji akichagua Kiswahili, asikichanganye, kwani Kanuni zinataka aliyeanza kwa lugha moja amalize kwa hiyo hiyo. Kwa msikilizaji wa Pate au Mambrui, Kiswahili ndicho chenye faida: jibu likija kwa lugha hiyo, hata redio ya kijijini inaweza kulicheza bila mfasiri.

Kasoro tatu za huduma yenyewe zisifichwe. Mawaziri hukosa kufika, swali likasogezwa, na wiki ya pili likakutana na likizo. Kuanzia Desemba hadi Februari usitarajie kitu, kwa hiyo swali lipelekwe mapema. Pili, adhabu ni nyepesi. Anayekaidi wito wa kamati anaweza kutozwa hadi shilingi 500,000, na kumwondoa waziri ni njia ndefu ya Ibara ya 152 inayoanza na robo ya wabunge wa Bunge la Kitaifa. Ilijaribiwa 2024 kwa waziri wa kilimo Mithika Linturi, na kamati ya watu 11 ikamwachilia. Tatu, ahadi ya waziri haina mwenyewe. Bunge la Kitaifa lina Kamati ya Utekelezaji ambayo kazi yake ni kufuata ahadi za serikali, lakini haiwezi kufuata isichopelekewa.

Mwanasiasa akigoma kabisa, ipo ardhilhali, yaani ombi rasmi la mwananchi kwa Bunge. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuipeleka Bungeni, na haihitaji wakili. Iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa kuchapwa, isiwe na maneno yaliyofutwa, iwe na lugha ya heshima. Iseme ni ofisi gani ilijaribiwa kwanza na ikajibu nini. Iseme kama jambo liko mahakamani au la. Imalizie kwa ombi moja lililo wazi, iwe na majina, anwani, namba za vitambulisho na saini au dole gumba. Nyingi huanguka kwa lile la kwanza: watu hawakuandika popote kabla ya kuandikia Bunge. Ndiyo sababu ile barua ya siku 21 yafaa mara mbili.

Swali likishajibiwa, subiri Hansadi itoke, chapisha ukurasa ule, zungushia kalamu neno la ahadi na tarehe yake. Nakala moja iende kwa Kamati ya Utekelezaji ikiwa na barua fupi siku ile ile muda wa ahadi unapopita, si mwezi baadaye. Nyingine iende kwa mwakilishi wa wadi. Ya tatu abaki nayo aliyelalamika mwanzo, kwa maana yeye ndiye atakayeona kama boti imefika Kizingitini.